Sahihisho la Ukurasa wa Mbele

Wanafunzi wangu wananiita Nani Kasema. Hawaniiti hivyo usoni, bila shaka. Usoni mimi ni Mwalimu, shikamoo Mwalimu, tukusaidie madaftari Mwalimu? Lakini nina masikio. Na jina lenyewe nimelitafuta kwa mikono yangu, kwa sababu kila wanachoandika kinarudi kwao na wino mwekundu pembeni: Nani kasema? Wakiandika "maharage ya shule yamepungua," nauliza nani kasema. Wakiandika "wanafunzi wengi wanalalamika," nauliza wangapi, wa darasa gani, na nani kasema. Mwaka mmoja mtoto aliandika kwamba siku ile jua lilichomoza, nami kwa mazoea nikaandika vilevile. Alinijibu chini kwa penseli: "Mimi, Mwalimu. Nilikuwepo." Nilimpa alama zote.

Kabla ya kuwa mwalimu niliandikia gazeti la mji kwa miaka kumi na tano. Sasa ni mwaka wa tisa nafundisha uandishi wa habari hapa sekondari, na klabu ya gazeti ndiyo roho yangu. Chumba chetu kilikuwa stoo ya viti vibovu, na baadhi ya viti hivyo bado tunavikalia, kwa tahadhari. Upande wa pili wa mlango usiofungika kuna mashine ya kudurufu, ile ya kuzungusha mpini, na anayeizungusha ni mama mmoja mtulivu ambaye shule nzima inamwita Mama Chapa. Mimi namwita dada, maana tunakaribiana umri. Mitihani yote ya shule hupita mikononi mwake, na kila Ijumaa ya pili hutuchapia gazeti letu, kurasa nne, nakala mia moja na ishirini. Ni mtu wa maneno machache. Katika miaka tisa nadhani sikuwahi kumsikia akimaliza sentensi mbili mfululizo.

Ukutani, juu ya meza yangu, ilining'inia fremu. Ndani ya fremu ulikuwa ukurasa wa mbele wa gazeti la mji wa miaka ishirini na nne iliyopita, umekuwa rangi ya chai ya maziwa, na kichwa cha habari cha herufi kubwa: MLINZI SHUJAA AOKOA AROBAINI. Chini yake jina langu. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, mwezi wangu wa tano kazini. Jengo la ghorofa moja pale sokoni liliwaka moto. Chini maduka ya vitambaa, juu mafundi cherehani ambao kwa kelele za mashine zao hawakusikia chochote, mpaka mlinzi alipopanda ngazi akigonga sinia la chuma na kuwatoa wote. Habari ile ndiyo iliyoniajiri kwa kudumu. Mama yangu, ninayeishi naye, ana nakala kumi za gazeti lile kwenye sanduku lake la nguo, na mgeni akija kwetu hunywa chai akiwa ameshika mojawapo, atake asitake.

Sasa nieleze kanuni yangu, kwa sababu ndiyo iliyonitia matatani. Magazeti yana tabia mbaya. Yakikosea, hukosea ukurasa wa mbele. Yakijisahihisha, hujisahihisha ukurasa wa kumi na tisa, chini ya tangazo la dawa ya viatu. Klabuni kwangu marufuku. Kosa la ukurasa wa mbele husahihishwa ukurasa wa mbele, mahali palepale, kwa herufi zilezile, na anayesahihisha ni aliyekosea. Muhula uliopita mhariri wetu mkuu, kijana wa kidato cha nne anayetembea na kalamu tatu mfukoni na ambaye wenzake wanamwita Mkurugenzi, aliandika kwamba kipa wetu alifungwa mabao matano. Yalikuwa matatu. Nilimsimamia mpaka akaandika: KIPA ALIFUNGWA MATATU, MIMI NDIYE NILIYEONGEZA MAWILI. Shule nzima ilicheka wiki mbili. Kijana wa watu alikonda, lakini tangu siku ile huhesabu kila kitu mara tatu, hata ngazi za maktaba.

Zoezi la muhula huu lilikuwa rahisi. Chagua habari yoyote iliyowahi kuchapishwa, popote. Watafute waliotajwa ndani yake, waulize upya, uone kama maneno bado yanasimama. Wengi walichagua habari za mpira. Kuna msichana mmoja wa kidato cha tatu, mwembamba, mdomo haulali, ambaye mpishi wa shule alimbatiza Kiherehere baada ya kuhojiwa naye kuhusu chumvi huku sufuria inafurika. Yeye alinyoosha kidole juu ya kichwa changu.

"Mwalimu, naweza kuchagua ile?"

Wenzake wakageuka kuitazama fremu. Mimi nikacheka. Nilifurahi, nisidanganye. Niliishusha fremu mimi mwenyewe, nikampa ainakili, nikamwambia mlinzi akiwa hai atakuwa mzee sasa, amsalimie sana. Jioni nilimwambia Mama kwamba habari yangu inafanyiwa zoezi shuleni. Akafungua sanduku kuhakikisha nakala zake hazijaliwa na nondo.

Baada ya siku kumi Kiherehere aliingia klabuni bila kelele, jambo ambalo peke yake lingetosha kunishtua. Alisimama kando ya meza yangu akizungusha daftari.

"Mwalimu, naomba tuzungumze wawili tu."

"Hapa hakuna siri, hapa ni chumba cha habari," nikasema kwa sauti, wote wasikie. "Soma mbele ya wenzako."

"Mwalimu, afadhali..."

"Soma!"

Basi akasoma. Alimpata mlinzi. Anaishi na binti yake, ana bustani ya miche, na bado ana baiskeli aliyotunukiwa na wafanyabiashara wa soko kwa ushujaa wake. Kiherehere alikuwa ameandika maneno yake yote, na aliyasoma bila kuinua uso:

"'Mjukuu wangu, umekuja wakati mzuri, maana sitaki kufa na jambo hili. Mimi sikupanda ngazi. Mimi nilipoona moshi nilikimbia, tena nilikuwa wa kwanza. Nilirudi baadaye kuchukua kofia yangu, moshi ukanipata. Akaja binti wa gazeti, ana haraka kama anafukuzwa. Akaniuliza, wewe ndiye uliyegonga sinia? Nilikuwa nakohoa. Mtu akikohoa, kichwa hakitulii. Yeye akaona nimekubali. Akaandika, akaondoka. Kesho yake nimekuwa shujaa, keshokutwa nina baiskeli. Ningeirudisha kwa nani?'"

Chumba cha pili mashine ilikuwa inazunguka, krr, krr, kisha ikasimama.

"Nani kasema?" nikauliza, na nikajisikia mjinga papo hapo.

"Mlinzi mwenyewe, Mwalimu. Nimemsomea yote, ameweka sahihi. Hii hapa."

"Shahidi mmoja! Mzee! Baada ya miaka ishirini na nne! Kanuni ya klabu inasema mashahidi wangapi?"

"Wawili," akasema kwa sauti ndogo. "Wa pili bado sijampata. Mzee anasema aliyegonga sinia alikuwa msichana wa kibanda cha kupiga chapa, pale chini ya ngazi. Jina halijui. Anakumbuka tu kwamba aliungua mkono."

"Sinia lilikuwa la muuza chai," sauti ikasema.

Tuligeuka. Mama Chapa alikuwa amesimama kwenye ule mlango usiofungika, wino mpaka kwenye viwiko.

"Nililirudisha," akaendelea. "Lilikuwa limepinda. Alinigombeza."

Zilikuwa sentensi nne mfululizo. Niliinuka kama mtu aliyekanyagwa kidole. "Dada! Miaka tisa unafanya kazi na fremu hii! Kila Ijumaa nakuona unaifuta vumbi! Kwa nini hukusema?"

Alifikiri kidogo, kwa sababu yeye hufikiri kabla ya kusema, tofauti na watu wengine.

"Hukuniuliza, Mwalimu."

Hapo Mkurugenzi akakohoa. Na alipokohoa kichwa chake kikaenda mbele na nyuma, mara tatu, kama kinakubali jambo zito. Kiherehere alimwona. Alijaribu kujizuia, akashika mdomo, akashindwa; kicheko kikatoka kupitia puani, na baada ya hapo darasa lote likaangua. Hata Mama Chapa aliuma mdomo. Mimi nilipiga meza nikawafukuza wote, na kiti changu, ambacho ni kimojawapo cha vile vibovu, kikachagua dakika ile kuvunjika mguu.

Aliyebaki nyuma alikuwa Mkurugenzi. Alinisaidia kuinuka, akakusanya kalamu zangu.

"Mwalimu, tumezungumza hapo nje," akasema. "Kanuni yetu inahusu gazeti letu. Kosa hili si la gazeti letu, ni la gazeti la mji, tena la zamani. Kwa hiyo haituhusu. Kiherehere ataandika zoezi lake, utalisahihisha, litakaa kwenye faili. Wote wamekubali kunyamaza."

Kijana huyo huyo niliyemkondesha kwa mabao mawili. Nilimshukuru. Ndiyo, nilimshukuru, na nikaenda nyumbani nimebeba hoja yake, mlango wa nyuma alionichongea wa kuikwepa kanuni yangu, nikijiambia kuwa kisheria una mantiki.

Nyumbani nilimsimulia Mama kila kitu, mpaka habari ya kiti. Alisikiliza huku anachambua mchele. Nilipofika kwenye kikohozi alicheka mpaka akaweka ungo chini.

"Mama, si kichekesho. Jina langu hili."

"Kwani nacheka jina? Nacheka kikohozi." Akafuta machozi. "Na sasa utafanyaje?"

Nikamweleza kwamba kanuni inahusu gazeti letu peke yake. Alirudi kwenye mchele wake. Aliokota chuya tatu nne kabla ya kunijibu.

"Yule mtoto wa mabao, ulimfanya aandike wapi?"

"Ukurasa wa mbele."

"Kwa herufi gani?"

Nikaingiza mkono kwenye ungo, nikaanza kumsaidia kuchambua.

"Mkuki kwa nguruwe," akasema Mama, na hakuimalizia, maana methali ile hata mtoto mchanga anajua mwisho wake. Kisha akaongeza, kwa upole, "Nakala zangu sitazitupa, usiogope. Ulikuwa bado binti mdogo, na jina lako lilikaa vizuri pale juu. Lakini sitampa mgeni tena."

Hapo ndipo iliponiuma kweli. Fremu ningeishusha, klabu ingenyamaza, mlinzi angebaki na baiskeli yake. Lakini Mama alikuwa na kitu kimoja cha kuonyesha wageni, nami nimemnyang'anya. Na nilijua kwamba nikipita mlango wa nyuma, kila nitakapoandika Nani kasema? kwenye daftari la mtoto, nitakuwa najiuliza mwenyewe.

Asubuhi nilikwenda kwenye chumba cha mashine na daftari jipya, nikavuta sanduku la karatasi, nikaketi.

"Dada," nikasema, "nimekuja kukuuliza."

Aliniangalia, akafunika mashine kwa kitambaa chake, akaketi.

Nilimuuliza kila kitu nilichopaswa kumuuliza nikiwa na miaka ishirini na mitatu. Alikuwa na miaka kumi na tisa, anajifunza kupiga chapa kwenye kibanda chini ya ngazi. Aliona moshi unatoka duka la mwisho. Aliita, hakuna aliyesikia, cherehani zinanguruma huko juu. Sinia lilikuwa kwenye meza ya muuza chai. Alipofika juu mlango ulikuwa na komeo la chuma, na komeo lilikuwa la moto, akalifungua kwa mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia ulikuwa na sinia. Akanyoosha huo mkono wa kushoto nione. Vidole viwili havikunjiki. Miaka tisa nimemwona akipanga karatasi kwa kiganja na kusukuma rundo kwa kifundo cha mkono, nami nilidhani ni madaha ya fundi. Mimi, ninayewafundisha watoto kuangalia.

"Wale arobaini walitoka kwa utaratibu?" nikauliza.

"Kumi na saba."

"Samahani?"

"Walikuwa kumi na saba. Niliwahesabu wakipita kwenye ngazi, ili nijue kama kuna aliyebaki."

Nikasimamisha kalamu. Arobaini nilikuwa nimeitoa wapi? Nilijaribu kukumbuka nani kasema. Hakuna aliyesema. Nilikuwa kwenye basi narudi ofisini, nikaona arobaini inakaa vizuri kwenye kichwa cha habari. Mkurugenzi aliongeza mabao mawili. Mimi niliongeza watu ishirini na watatu.

"Na kwa nini hukuja gazetini kesho yake?" nikamuuliza. "Si kunisuta. Nataka kujua."

Alikwangua wino kwenye ukucha.

"Nilimwambia baba yangu. Nilifika nyumbani mkono umefungwa kitambaa, nikamsimulia. Asubuhi akanunua gazeti. Baba ni mtu wa kusoma, gazeti kwake ni kama kiapo. Akanisomea habari yako yote, neno kwa neno. Akasema, mwanangu, kuungua si aibu, lakini uongo ni aibu. Alidhani nimejiunguza kwa uzembe kwenye majiko ya pale sokoni, natafuta sifa." Akatabasamu kidogo, bila furaha. "Kaka zangu mpaka leo wananiita Shujaa wa Sinia. Kwa utani tu. Baba hajawahi kutania. Yeye huwa anatazama pembeni."

"Bado yupo?"

"Yupo. Bado anasoma magazeti. Hata letu namletea."

Niliandika mpaka daftari likakaribia nusu. Kisha nikaenda klabuni nikawaambia kwamba mlango wa nyuma umefungwa. Mkurugenzi alianza kunieleza tena upande wa sheria. Nikamwambia asante, mwanangu, mabao matano. Akarudi kwenye kiti chake, na nadhani niliona kalamu tatu zinatabasamu mfukoni mwake, maana yeye mwenyewe alijitahidi asitabasamu.

Nilitaka Kiherehere atie saini pamoja nami, kwa kuwa kazi ni yake. Alikubali kwa sharti moja: ahariri yeye. Sijawahi kuhaririwa kwa ukatili namna ile. Niliandika "kutokana na mazingira magumu ya kazi," akakata, akaandika pembeni kwa wino mwekundu ambao sijui aliuazima wapi. Niliandika "ushujaa usio na kifani," pembeni kukawa na maneno mawili ninayoyafahamu sana. Mwisho tulibaki na kichwa cha habari kilichojaza upana wote wa ukurasa, kwa herufi kubwa kama zile za fremu: HAKUWA MLINZI, HAWAKUWA AROBAINI, NA ALIYEKOSEA NI MIMI.

Kabla ya kukata stensili, ile karatasi ya nta ya kuchapia, nilimsomea Mama Chapa habari nzima, kama kanuni inavyotaka. Alisikiliza amefumba macho. Nilipomaliza nikamuuliza kama kuna kosa.

"Sinia," akasema. "Umeandika lilikuwa kubwa. Lilikuwa la kawaida tu."

Nikalifanya la kawaida.

Ijumaa alilichapa mwenyewe. Tulijazana mlangoni, klabu nzima, tukijifanya tumekuja kupanga karatasi. Akazungusha mpini mara moja, ukurasa wa kwanza ukatoka, akausimamisha mkononi na kuutazama kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kukagua wino. Kisha akauweka kando, akaendelea, krr, krr, mia na ishirini. Zote ziliisha kabla ya kengele ya mchana. Wanafunzi wa kidato cha kwanza walikuja kumtazama kupitia dirishani, na mpishi, ambaye hampendi mtu, alimletea chai kwenye sinia. La kawaida. Shule nzima ilicheka, na safari hii walionicheka walikuwa na haki. Kwa wiki moja hakuna mtu aliyeweza kukohoa kwa amani kwenye ile shule. Mlinzi tulimpelekea nakala. Alijibu kwa mche wa limau na ujumbe kwamba amelala usingizi mzuri, na kwamba baiskeli, kama mwenye sinia anaitaka, iko tayari, ila breki hazishiki. Mama yangu alichukua nakala tano. Mgeni aliyekuja Jumapili alisimuliwa habari mbili badala ya moja, chai ikapoa.

Jumatatu niliwahi. Mama Chapa alikuwa ameshafika, anafungua pakiti ya karatasi kwa meno kama kawaida yake. Safari hii sikusubiri aniambie.

"Baba kasemaje?" nikauliza.

"Aliusoma mara mbili," akasema. "Miwani ikawa inamsumbua, akaifuta, akausoma tena. Halafu akaniuliza, nani kawaambia haya?"

"Ukamjibuje?"

"Nikamwambia, mimi." Aliweka karatasi kwenye mashine, akazisawazisha kwa kiganja cha kushoto. "Akalikunja gazeti, akaliweka mezani. Kisha akasema, lete huo mkono niuone."